Samaki Kivulini, Mboga Juani: Tangi la Nyumbani Chini ya Jua la Kudhaa

Kivuli cha adhuhuri huko Kudhaa hakina upande mmoja wa kukaa. Mahali hapo, katika mlolongo wa visiwa na vijiji vya Wabajuni kusini ya Kismayo, Somalia, pako takriban digrii moja tu kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni, kusi likivuma, jua la saa sita hupita upande wa kibla, yaani kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Desemba, kaskazi likishika, jua huhamia kusini na kivuli hugeuka kuelekea kibla. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua husimama utosini, na mtu hukikanyaga kivuli chake chote kwa nyayo mbili.

Kwa anayetafuta pa kutandika mkeka jambo hilo ni dogo, akichomwa atahama. Samaki aliye ndani ya tangi hana pa kuhamia. Baharini joto likizidi hushuka kilindini au hujipenyeza chini ya mwamba, na mtoni hukimbilia penye matawi yaliyoinamia maji. Katika pipa lenye kina cha mita moja, maji ya juu na ya chini yana joto lile lile, hasa pampu ikiyazungusha mchana kutwa. Wala hana kope za kufumba. Anayefuga samaki uani amejitwika kazi ya mwamba na ya tawi.

Ufugaji ninaouzungumzia ni ule unaolea samaki na mboga kwa maji yale yale, akwaponiki kama wanavyouita wenyewe. Samaki hula, hujisaidia, na kutoa amonia kwenye maji. Pampu huyapandisha maji hayo hadi kwenye vitanda vya kokoto au mabomba yaliyopandwa mboga. Bakteria waliojishikiza kwenye kokoto huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo mizizi huinywa kama mbolea. Maji yaliyosafika hurudi kwa samaki. Hakuna kutifua ardhi wala kumwaga maji kila siku, na kinachoongezwa ni chakula cha samaki na maji ya kufidia yaliyogeuka mvuke.

Mtu wa pwani atacheka kwanza. Kisiwa kimezungukwa na changu, tasi na kamba, nani atafuga perege kwenye pipa? Lakini wavuvi wa pwani hiyo wanajua kwamba kusi likipamba moto bahari hujifunga, na chombo kidogo hukaa ufukweni kwa wiki. Mboga ndizo adimu zaidi ya samaki: ardhi ni mchanga na matumbawe, maji ya visima vingi visiwani yana chumvi, na mchicha unaoletwa kwa mashua hufika umenyauka. Ongeza misukosuko. Vita vilivyoanza 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Mombasa na kwingineko, na mwaka 2014 Kudhaa yenyewe ilipiganiwa baina ya vikosi vya Jubaland na al-Shabaab. Palipo na njia za kukatika hivyo, kinachopatikana ndani ya ua ni cha uhakika kuliko kinachongojewa gatini.

Tena kumweka samaki hai si elimu ngeni huko. Frederic Holmwood, balozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar, aliandika mwaka 1884 jinsi wavuvi wa Afrika Mashariki walivyomtumia chazo, yule samaki mwenye kikwamio kichwani, kuwanasa kasa: chazo hufungwa kamba mkiani, huachiwa, hujibandika kwenye gamba la kasa, na mvuvi huvuta. Mwitalia Vinigi Grottanelli, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wabajuni wa Somalia mwaka 1955, aliwaita wavuvi wa Bahari ya Hindi tangu kwenye jina la kitabu. Chazo aliyekufa hana kazi. Waliomtumia walilazimika kujua samaki huvumilia nini akiwa nje ya bahari, chini ya jua hili hili.

Kosa la kwanza la wanaoanza hutokana na ushauri mzuri uliotolewa mahali pasipo pake. Bwana samaki anayefundisha mabwawa ya udongo, Tanzania au Kenya, husema bwawa lichimbwe mahali peupe penye jua, litiwe samadi, na maji yakigeuka kijani mfugaji ashukuru. Yuko sawa. Ule ukijani ni mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ndiyo chakula cha kwanza cha perege, na bwawa lenye upana wa kutosha hupumua lenyewe. Mfugaji yule yule akichukua somo hilo na kuliingiza kwenye tangi la lita 1,000 lililojaa samaki, ameliharibu. Bwawa huishi kwa jua. Tangi la akwaponiki huishi kwa chakula cha kununua, pampu na bakteria, na ukijani humo ni mgeni anayekula bila kuchangia: hunyang'anya mboga mbolea yake, huziba mabomba, na usiku huvuta hewa ya samaki.

Hapo kwenye usiku ndipo msiba unapotokea. Mchana mimea hiyo midogo hutoa oksijeni, na mwenye tangi akitazama saa nane mchana ataona samaki wachangamfu. Jua likizama, inaacha kutoa na kubaki kutumia tu. Kadiri maji yalivyokuwa ya kijani zaidi mchana, ndivyo hewa inavyokwisha mapema usiku. Alfajiri samaki wanaelea midomo juu, wakigugumia hewa, na waliochelewa kugunduliwa wamekufa. Lawama huenda kwa chakula, kwa maji ya kisima, au kwa jirani mwenye jicho. Jirani hana hatia. Aliyeua ni jua la jana.

Joto nalo lina hesabu yake. Jua la adhuhuri karibu na ikweta, mbingu ikiwa safi, hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Tangi la lita 1,000 lenye mdomo wa mita moja ya mraba, likilinyonya jua hilo lote, hupanda karibu digrii moja kila saa kabla upepo na mvuke havijalipunguza. Pipa la lita 200 lililosimama juani, lenye nusu mita ya mraba inayopigwa, hupanda zaidi ya digrii mbili kwa saa. Kwa hiyo udogo wa chombo ni hatari kuliko ukali wa jua. Anayeanza na pipa moja ili ajaribu kwanza amechagua mtihani mgumu kuliko mwenye tangi kubwa.

Na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Maji baridi yasiyo na chumvi yakiwa na digrii 25 huweza kushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 ni 7.6, na 35 hayafiki 7. Samaki naye, kadiri maji yanavyopata joto, mwili wake unadai hewa zaidi. Anadai zaidi kutoka kwenye mfuko unaozidi kupungua. Perege wa Mto Nile hustawi kwenye nyuzi 27 hadi 30 na huvumilia hadi karibu 36, lakini kuvumilia si kukua. Akifikishwa huko huacha kula, na chakula kilichobaki huoza.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hewa ya Kismayo na visiwa vyake, kivulini, mara nyingi hukaa kwenye kiwango kile kile anachokitaka perege. Mfugaji wa Ulaya hulipia umeme kuyapasha moto maji ya samaki huyu. Mtu wa Kudhaa hahitaji kuyapasha wala kuyapoza, anahitaji kulizuia jua lisiyaguse. Sijui sehemu nyingi duniani ambako kifaa muhimu cha ufugaji ni makuti.

Kuna sumu ambayo jua huitengeneza kwa njia ya kuzunguka, na kwenye kisiwa cha matumbawe njia hiyo ni fupi. Amonia ya samaki huwa ya namna mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine kali inayochoma mashavu yake, pale anapopumulia. Ipi itakuwa nyingi hutegemea joto na pH. Katika maji ya digrii 30, pH ikiwa 7, sehemu kali haifiki asilimia moja. Ikipanda hadi 8 huwa kama asilimia 7.5. Ikigonga 9 ni zaidi ya asilimia 40. Amonia ni ile ile, samaki ni wale wale, kilichobadilika ni hali ya maji. Sasa ule ukijani unaolelewa na jua hufyonza hewa ya ukaa kutoka majini mchana, na hewa hiyo ikiondoka pH hupanda, huku alasiri maji yakiwa kwenye joto lake kubwa kuliko saa zote. Mambo mawili yanayoikoleza sumu yanakutana saa tisa.

Visiwa vya Wabajuni vimejengwa juu ya matumbawe. Kokoto za huko ni matumbawe, mchanga ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na chokaa ya nyumba ni matumbawe yaliyochomwa. Mtu akijaza vitanda vyake kokoto hizo kwa sababu ni za bure, maji yake hayatashuka tena chini ya pH inayokaribia 8. Yanaanzia juu kabla jua halijachomoza. Mboga nazo hugeuka manjano, maana kwenye pH hiyo chuma hakiyeyuki vya kutosha kwa mizizi. Jaribio ni jepesi: dondosha siki juu ya jiwe, likitoa povu halifai kitandani. Afadhali vipande vya matofali ya udongo yaliyochomwa, au mawe meusi yatokayo bara, kuliko changarawe nzuri ya ufukweni. Chokaa ina kazi nyingine njema, nitaifikia.

Bakteria wenyewe hawapendi mwanga. Wale wanaoigeuza amonia hudhoofishwa na jua kali, hasa wakiwa wachanga, kabla hawajajenga utando wao kwenye kokoto. Ndiyo sababu mfumo mpya uliowekwa mahali peupe huchelewa kukomaa, mwenye nyumba akipima maji wiki baada ya wiki na kuona amonia haishuki. Sehemu ya juu ya kitanda, kina cha vidole viwili vitatu, iachwe kavu. Maji yapite chini yake gizani. Bomba na mipira ya maji isiwe ya kuonyesha ndani. Na tangi maarufu la plastiki jeupe lenye kizimba cha chuma, lile la lita 1,000 linaloletwa bandarini na kemikali kisha kuuzwa kuukuu, hupitisha mwanga pande zote nne, hivyo kuliezekea juu tu ni nusu ya kazi. (Kabla ya kulivika chochote, ulizia lilibeba nini. Lililobeba dawa ya wadudu halisafishiki.)

Haya si mawazo ya kubuni. Katika kisiwa cha St. Croix, kwenye Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, James Rakocy na wenzake walianza miaka ya 1980 kuunda mfumo ambao hadi leo wajenzi wengi wa akwaponiki huuiga. Matangi manne ya samaki, kila moja lita 7,800, na vichujio vyake vyote viliwekwa chini ya paa lisilopitisha mwanga. Mabwawa marefu ya mboga yakaachwa wazi juani. Sababu walizozitoa zilikuwa tatu: kuzuia ukijani, kupunguza joto la mchana, na kumpa samaki mwanga unaofanana na ule aliouzoea. St. Croix ni kisiwa cha jua kali na maji haba, kiko nyuzi 17 hivi kaskazini ya ikweta. Kudhaa iko karibu na ikweta zaidi.

Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilichotoka 2014 kwa ajili ya mifumo midogo ya nyumbani, kinasisitiza vilevile kufunika matangi. Sehemu ya uzoefu wa waandishi wake ilitokana na mapaa ya nyumba za Gaza, ambako shirika hilo lilisaidia familia zinazoongozwa na wanawake kufuga samaki na kupanda mboga kwa mapipa na matangi yaliyokatwa. Anayedhani akwaponiki ni mchezo wa matajiri aanzie hapo.

Ila miongozo hii ina walakini mmoja kwetu: mingi huandikwa na watu ambao jua lao la adhuhuri hukaa upande mmoja mwaka mzima. Mwandishi wa Ulaya au Marekani husema weka samaki nyuma ya ukuta wa kaskazini, na kwake ushauri huo hudumu Januari hadi Desemba. Kudhaa ukuta wa kibla hutoa kivuli cha adhuhuri nusu ya mwaka, kisha hukinyima nusu iliyobaki. Na hata unapokitoa ni kidogo: ukuta wa mita mbili, saa sita mchana, Juni au Desemba jua linapokuwa limepinda zaidi, kivuli chake hakifiki mita moja. Machi hakuna kitu kabisa.

Upande usiobadilika ni mashariki. Ukuta wa matlai hupokea jua la asubuhi, ambalo ni pole na hukuta maji yamepoa usiku kucha, kisha baada ya adhuhuri nyumba yenyewe huanza kukufunika. Saa kumi alasiri ukuta ule ule wa mita mbili hutupa kivuli cha mita tatu na nusu hivi kuelekea mashariki, msimu wowote. Tangi liwe hapo, mgongoni mwa nyumba, na vitanda vya mboga visogee mbele zaidi penye jua. Aliyeweka tangi upande wa magharibi amelipa adhabu ya alasiri, na huko ndiko nyua nyingi zina nafasi, kwa kuwa watu wenyewe hawapendi kukaa upande huo saa hizo. Nafasi ya bure ina sababu yake.

Paa la tangi linataka fikira pia. Ukiezeka makuti kwenye nguzo za boriti, mita moja na nusu juu ya maji, saa sita utaona kivuli kizuri na kuridhika. Saa tisa jua limelala nusu, na kivuli kimehama mita moja na nusu kuelekea mashariki. Kimeangukia mchanga, tangi liko wazi. Ifikapo saa kumi kimeenda mita mbili na nusu. Kuongeza upana wa paa hadi kulifidia hilo ni kupoteza makuti. Bora paa liwe chini, urefu wa kumwezesha mtu kuinama na kulisha, na upande wa magharibi uteremshwe ukuta wa kumba au mkeka mkuukuu. Wapo watakaofikiria tanga lililochakaa. Litundikwe kwa hadhari: kusi la Julai halijali kwamba limestaafu, litalijaza na kuondoka na boriti. Kumba hupitisha upepo, na upepo ni rafiki, kwa sababu ukipita juu ya maji huyapoza. Usizibe pande zote nne kwa kumwonea samaki huruma.

Chokaa sasa. Tangi la rangi nyeusi lililoko mahali ambapo jua la asubuhi hulipiga lipakwe chokaa kwa nje, mara mbili, nalo litarudisha sehemu kubwa ya joto kama zinavyofanya kuta za nyumba za mawe za pwani. Lakini lile tangi jeupe linalopitisha mwanga lisipakwe chokaa peke yake. Livikwe gunia au rangi nyeusi kwanza, halafu nyeupe juu. Na tone la chokaa lisiingie majini, kwa sababu zile zile za pH.

Mti ni paa linalojiotea, na hapa Bamburi, Mombasa, ina hadithi ya kusimulia. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe yaliyokwanguliwa hadi karibu na maji ya chumvi. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu ndizo zilizostahimili: mvinje, mnazi, na damas, mti wa asili ya Somalia ambao wataalamu huuita Conocarpus lancifolius. Kivuli kilipopatikana na udongo ukaanza kujitengeneza, samaki nao wakafugwa katika matangi, maji yao yakienda kwenye mimea. Leo pale panaitwa Haller Park. Mti uliotoka Somalia ulisaidia kuvika kijani matumbawe ya Mombasa, na hakuna sababu usifanye hivyo kwao.

Damas lakini usipandwe kando ya tangi. Walioko Omani na Falme za Kiarabu wanaujua vizuri: mizizi yake husaka maji na hulaumiwa kwa kupasua mabomba na makaro. Upandwe mbali, upande wa magharibi, kivuli chake kirefu cha alasiri kifike chenyewe. Mvinje huangusha vijiti vyake kutwa na hutaka chandarua chini. Mwarobaini, ambao ndio mti wa kivuli wa nyua nyingi za pwani, uepukwe kabisa juu ya samaki. Dondoo za majani na mbegu zake zinajulikana kudhuru samaki, na upepo hautakuuliza kabla ya kuyamwaga majani tangini. Ua wa minyaa vilevile uwe mbali, utomvu wake ni sumu. Wazee waliovulia utupa kwenye madimbwi ya miamba hawahitaji kuelezwa.

Kivuli kina faida nyingine ambayo kisiwani huenda ikazidi zote. Maji yaliyo wazi kwenye jua na upepo wa pwani hupoteza lita tano hivi au zaidi kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kwa mwezi hizo ni lita 150, madumu saba na nusu ya lita 20 yaliyobebwa kichwani kwa ajili ya kugeuka mawingu. Balaa si hasara hiyo tu. Mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi nyuma. Ukifidia kwa maji ya kisima cha chumvi kidogo, kila dumu linaongeza chumvi juu ya ile iliyobaki. Perege huvumilia, na yule wa Msumbiji huweza hata kuishi kwenye maji ya bahari, lakini mchicha na pilipili vitaungua ncha za majani, na mwenye nyumba atatafuta ugonjwa usiokuwepo. Tangi lililofunikwa hupunguza mvuke huo sana. Fidia iwe kwa maji ya mvua, yaliyokingwa masika na kutunzwa birikani, nayo birika ifunikwe: pasipo na samaki wa kula viluwiluwi, maji yaliyosimama ni makazi ya mbu.

Pale ambapo umeme ni wa jua, pampu itaendeshwa na paneli. Wengi huiweka paneli juu ya bati la nyumba na kulinunulia tangi paa jingine. Paneli ya wati 300 hivi ina eneo la zaidi ya mita moja na nusu za mraba, na mdomo wa tangi la lita 1,000 ni mita moja kwa mita moja na robo hivi. Karibu na ikweta paneli hulazwa karibu tambarare, ikiinamishwa kidogo tu maji ya mvua na vumbi viteremke. Paneli iliyolala hivyo juu ya tangi ni paa, na ikiachiwa nafasi ya upepo chini yake haitapata moto sana, nayo ikiwa na nafuu ya joto hutoa umeme zaidi. Atakayeiinamisha ahakikishe kinyesi cha ndege kinateremkia nje. Ambaye hana betri ajue pampu yake hulala jua likizama, saa zile samaki wanapoihitaji hewa kuliko mchana; huyo kwake maji ya kijani ni hukumu. Bila betri, punguza samaki. Kiwango cha kilo 20 kwa lita 1,000 kinachotajwa vitabuni ni kwa mwenye hewa usiku na mchana.

Giza totoro nalo si lengo. Perege hula kwa macho, na hujua mchana na usiku. Mwanga wa kivulini, ule unaomwezesha mtu kusoma chini ya baraza, unamtosha. Akifungiwa kwenye kifuniko cha bati kisha kikafunuliwa ghafla saa saba mchana, hushtuka na kujigonga, au huruka nje. Wavu juu ya maji na paa juu ya wavu ni mpango bora kuliko kifuniko, na wavu huzuia paka, yangeyange na mdiria. Kambare ni mwingine. Huyo ni wa usiku, na huvuta hewa juu ya maji pia. Watafiti Britz na Pienaar wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1992 kwamba kambare wachanga hukua vizuri zaidi na kugombana kidogo wakiwa gizani au penye maficho. Mtu ambaye ua wake una kona yenye kiza na pampu isiyotabirika, afuge kambare kabla ya perege, ikiwa nyumbani kwake wanamla. Wengine hawamli, na sitawalazimisha.

Mboga nazo si za tabia moja. Mchicha na bamia hulitaka jua lote, na hulipa. Rehani na pilipili hustahimili. Saladi ikipigwa jua la alasiri hukimbilia kutoa maua na kuwa chungu, basi ikae kwenye pindo la kivuli cha samaki.

Lisha saa tatu asubuhi na saa kumi, adhuhuri waache. Nunua kipimajoto, hata kile cha bei ya chini kabisa, na ukitumbukize saa tisa alasiri. Kikisoma zaidi ya 32 siku mbili mfululizo, usiongeze chakula wala dawa, panua kumba.

Neno kwa mashirika yanayopeleka miradi ya samaki na mboga pwani ya Jubba ya Chini: katika orodha ya vifaa, paa na kizuizi cha magharibi viandikwe kabla ya pampu na vifaranga, navyo vilipiwe. Na wewe mwenye ua, kabla ya kununua hata bomba moja, chomeka mti mchangani na uweke alama kivuli kinapofika saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Fanya hivyo kusi, ufanye tena kaskazi. Pahala ambapo alasiri huwa na kivuli misimu yote miwili, hapo ndipo pa samaki.